Sitakoroma ili Watu Watulie

Komini ya Tshopo,
Kisangani,
14 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Plamedie,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote wa nyumbani mwako. Baridi ya Liège imeshaanza? Na kile kikohozi chako, kimekuachia? Huku sisi tunapumua, Mungu asifiwe, na neno hilo leo naliandika nikijua uzito wake.

Usikasirike: nilikubali kisu cha daktari. Uliniomba nisiguswe uso, nivumilie tu ile mashine ya kunipulizia hewa usingizini uliyonitumia. Lakini pua ilikuwa imeziba. Hewa ilikosa njia ikatokea mdomoni, nami nikawa naivua maski kabla usingizi haujakolea. Daktari alikuta ukuta wa katikati ya pua umepinda, akaunyoosha. Nilivimba hata watu wa sokoni wakauliza nani amenipiga. Nikawajibu, "Nilimwomba mwenyewe."

Sasa nalala na maski mpaka kunakucha, na daktari amepunguza nguvu ya hewa.

Shida ni Mama Hélène, mkwe wangu, ninayekaa naye. Anasema pua imepona, mashine ya nini tena? Nimemweleza kwamba kisu kimefungua njia tu. Ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini bado ninao. Nikiiacha mashine, nitafuata njia ya marehemu mume wangu, Liévin.

Unakumbuka alivyokoroma? Majirani walisema baleinière, ile boti kubwa ya Basoko, inatia nanga. Ukimgusa bega, anajibu macho yamefumbwa, "Sijalala, nawaza tu." Tulicheka miaka yote hiyo. Hatukujua kwamba kila aliponyamaza katikati ya mkoromo, pumzi ilikuwa imekatika. Mpaka akanyamaza moja kwa moja.

Ndiyo maana mama yake anaogopa: mimi sikoromi tena. Jana mchana nilijilaza baada ya kula sombe, akanitikisa mpaka bomba la hewa likachomoka.

"Katungu! Uko muzima? Unalala sawa maiti!"

Nilitaka kufoka. Nikaona ameniinamia, anasikiliza kama napumua.

"Sijalala, mama," nikasema. "Nawaza tu."

Alicheka, kisha akalia, akaketi kitandani. Nikarudisha bomba, nikaushika mkono wake nikauweka kifuani pangu. "Sikiliza hapa. Kukoroma sitakoroma, na mashine siivui."

"Bon, lala basi," akasema. "Lakini na ile mukonga, uko sawa tembo."

Basi na niwe tembo. Mkono wake ulibaki pale mpaka usingizi ukanichukua. Liévin hakuna aliyemshika kifua, kwa sababu hatukujua. Mimi najua, na sitakufa kwa kuona haya ya maski.

Kwa hiyo usinitumie maonyo tena, mdogo wangu. Nitumie maski mpya. Hii imeanza kulegea.

Msalimie shemeji Osée, na Déborah umbusu mashavu yote mawili. Mama Hélène anawasalimu sana. Mungu awalinde mnapolala, awaamshe wote bila kupungua hata mmoja.

Yaya yako, dada yako mkubwa akupendaye, ambaye siku hizi hawazi, analala kweli,

Katungu