Waliomla Mama Meno

Kwako Dada mpenzi,

Shikamoo. Vipi hali yako, na kifua cha shemeji kimepoa? Naomba uwe mzima, na cherehani yako isiwe imeanza tena vituko vya kukata uzi. Sisi huku tupo salama. Baba watoto anakusalimu, na mwanao anauliza mama mkubwa atamaliza lini lile gauni lake la mifuko miwili.

Dada, habari yenyewe naianzia kwa huyo huyo mtoto. Aliniuliza ni nani anayepiga mswaki bafuni alfajiri. Nikamwambia ameota. Kesho yake akasema amesikia tena, kwaru kwaru kwaru, mtu akatema, halafu maji yakamwagika muda mrefu. Akauliza kama ni bibi. Habari ya mswaki wa Mama sijawahi kumsimulia. Labda wewe, ulipokuja?

Sauti ile unaikumbuka. Kwenye mimba ya mwisho ya Mama, ile ambayo haikukaa, tulikuwa tunamsikia nyuma ya ukuta wa mbao akitapika kwenye karai, na hapo hapo mswaki, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria iliyoungua, ili Baba asisikie harufu. Wewe uliniambia alifanya hivyo hivyo kwenye mimba zote. Meno yakazidi kuwa membamba, ya manjano, ncha zake zinapitisha mwanga. Akawa anacheka mkono mdomoni. Wageni wakimuuliza, anatuonyesha kwa kidevu, anasema hawa ndio walionila meno: huyu kifungua mimba kala ya mbele, na huyu kitinda mimba kanimalizia magego. Watu wanakufa kwa kicheko. Wewe hukuwa unacheka. Siku tuliyomzika ulinivuta nyuma ya nyumba ukaniambia tulimla mzima mzima, na kwamba wewe hutazaa mtu aje akule. Shemeji mpaka leo anajua tu kwamba Mungu hajajalia.

Sasa sikia. Juzi juzi nilikuwa mbele ya kioo, nikafungua mdomo, nikaona meno ya Mama. Nikafumba. Nikafungua tena, bado yapo, na ule wembamba wake na ule mwanga wake. Maji baridi yalikuwa yananichoma mpaka kwenye sikio. Nikaanza kucheka mkono mdomoni bila kujijua, mpaka nilipomwona mwanangu naye anacheka hivyo hivyo, na vimeno vyake vizima. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa meno.

Ni mama mtu mzima, ana utani mwingi. Aliniuliza kama nakunywa soda au nafyonza ndimu. Nikasema hapana. Akauliza kama natapika. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza nikishatapika nafanya nini, na hilo nikalijibu kwa maringo, kwamba mimi si mchafu, nasugua meno papo hapo, tena sana, na nasukutua mpaka ladha ya dawa iishe. Akaweka chini kile kioo chake kidogo akasema basi tindikali imepata kibarua wa bure. Akanieleza kwamba ile tindikali ya tumboni inalainisha ganda gumu la jino, na mswaki ukija hapo hapo unalikwangua. Nisukutue kwa maji matupu, ningoje kama saa nzima, ndipo nipige mswaki taratibu kwa dawa yenye floraidi, kisha niteme tu. Nisisukutue tena, maana floraidi ndiyo inayolikaza ganda, na mimi kila siku naimwaga kwenye sinki. Akanipaka floraidi nyingine, inanata kama gundi. Akasema kilichokwisha hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kubaki.

Nikamweleza habari za Mama. Akauliza kama alitapika kwenye kila mimba. Nikasema kila mimba. Akauliza kama alipiga mswaki. Dada, nililia kwenye kile kiti mpaka akadhani ameniumiza.

Umeshajua. Mtoto alikuwa ananisikia mimi. Nilikuwa naingia bafuni kwa kunyata, bila taa, ili mume wangu asijue kwanza. Nina mimba, Dada, na ile ya kwanza nayo nilisugua hivi hivi. Mume wangu nimemwambia jana. Wewe ndiye niliyekuogopa kuliko wote, nikaona utanililia kama mtu anayeliwa.

Siku hizi nikishatapika nasukutua maji, nakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nangoja. Mtoto anasema bibi ameacha. Lakini mimi katika kule kungoja bado namsikia nyuma ya ukuta, kwaru kwaru, na natamani kumgongea nimwambie, subiri kidogo, Mama, uweke mswaki chini. Alikuwa anajisugua mwenyewe. Hatukumla, Dada. Si wewe, si mimi. Ni utani wake tu, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nisalimie shemeji sana. Gauni la mtoto usiliharakishe, ila ukilimaliza, vitambaa vidogo vinavyobaki uvitunze, huwezi kujua vitamfaa nani, kwangu au kwako.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba, ambaye hakula magego