Chuma yenye Ilikataa Aluminiomu

Élisabethville, siku ya ine, jioni

Tena imekataa! Ile chuma ya kromu nilisugua, nikaitia mu asidi, nikaisafisha na maji. Ilibakia tu kuizamisha mu aluminiomu ya moto. Njo sirene ikalia: bantu bote kwenye apeli, kuitwa majina.

Nikamuambia muzungu wa atelie, "Bwana, ikingoja mu hewa inaota ngozi ingine. Aluminiomu haitakamata."

"Sirene ni sirene."

Tukasimama mu mustari, tukaitikia majina. Nikarudia, nikaizamisha. Aluminiomu ikabanduka sawa ganda ya ndizi. Muzungu akaandika mu kitabu yake: huyu iko na mafuta mu mikono, njo maana aluminiomu haikamate.

Hapa nyumbani nimenawa mara tatu. Bibi yangu ananiangalia.

"Baba Yozefu, mikono yako iko safi."

Najua. Na kesho sirene italia saa ile ile.