Nilimutangaza mzee Kunda kama alikufa, kumbe iko muzima

Mama Syntiche mushauri wetu, ninakuja kwako na roho nzito, unisaidie, lakini tafazali jina yangu usiitaje. Miaka tisa nilikuwa nasomanga communiqué za vifo mu radio moja hapa Lubumbashi, kisha nikatoka, nikafungua page yangu mu Facebook, bantu bananifuata mingi kupita ile radio, na juma iliyopita muntu ananitumia sauti mu telefone, analia, anasema mzee Kunda wa Sakania, cheminot wa zamani, mufanyakazi wa treni, alikufa mu hôpital, na miye bila kuuliza nikaingia mu direct, ile video bantu banaangalia saa ile ile, nikatangaza. Bandugu yake ba Kamalondo, hapa Lubumbashi, baliweka kilio, bamama balilala chini, na siku ya tatu mzee mwenyewe anashuka mu bus ya kutoka Sakania, anakuta banamulilia! Kumbe alizimia tu. Nikafuta video, lakini ilikuwa imeshazunguka mu bagroupe yote, mpaka leo kule Sakania bantu banamupa bibi yake Adolphine pole. Ofisi ya kuangalia baradio inaniambia: "Mama, hii ni mambo ya telefone." Ya telefone inasema: "Shiye tunaangalia réseau na minara yake, hatuangalie maneno." Bwana yangu anasema kama hakuna wa kunihukumu, ninyamaze. Ninyamaze, ao?

Dada yangu, pole, naona roho inakuuma. Lakini acha nikugombeze. Mu radio, mwenye kuleta communiqué ulimuuliza karatasi ya hôpital, jina yake, na iko nani kwa marehemu. Mu Facebook ukaacha yote. Eh! Sauti ni ile ile, na kilio ni kile kile.

Ni kweli, leo radio iko ndani ya telefone, na sheria za zile ofisi ziliandikwa wakati kila kimoja kilikuwa na nyumba yake. Baandikie barua moja, copy kwa kila ofisi, bapige cachet, muhuri ya kuonyesha baliipokea. Siku moja bataikala pamoja. Mzee Kunda hawezi kungojea ile siku akiwa marehemu.

Bwana yako anakudanganya. Panda bus, nenda Sakania, piga magoti mbele ya mzee na mama Adolphine. Akikubali, ingia mu direct saa ile ile, yeye kando yako, ubaambie bantu baitume ile video mu bagroupe kama balivyotuma ile ingine. Na kuanzia leo, bila karatasi, hakuna communiqué.

Tena kintu kimoja. Mu radio, communiqué inaishianga na jina ya mwenye anatangaza. Ile siku ulitaja jina ya mzee, yako hapana. Umeniomba niifiche, ninaificha. Lakini mu ile direct, utaitaja weye mwenyewe.