Matanga ya Mtoto Aliye Hai

Wodi ya Watoto Njiti,
Masasi.
9 Novemba 2024

Mpendwa Dada Sabina,

Shikamoo Dada. Hujambo wewe, hajambo Shemeji Charles? Kelvin matokeo yake ya darasa la saba yamekuja vizuri? Mvua zimeanza huko Tabora, au na ninyi mnatazama mawingu tu kama sisi?

Najua unaruka mistari hii kwa macho ukitafuta habari moja. Marehemu Mama angesema salamu hazirukwi, lakini leo nakuonea huruma. Barnaba yu hai. Amepimwa asubuhi hii, gramu elfu moja mia moja arobaini. Sasa rudi juu usome salamu zangu taratibu.

Mimi mzima, ila miguu imevimba kwa kukaa. Usiudhike kwa wino mwekundu, si ugomvi. Ni kalamu ya kusahihishia, ndiyo pekee iliyokuwa mkobani siku uchungu uliponikuta darasani. Ningepiga simu, lakini wodi hii ina vitanda vinane na masikio kumi na sita, na ninayotaka kukuambia si ya masikio hayo. Mwalimu mwenzangu Nikolao anahamia Tabora Jumatatu, atakukabidhi barua hii mkononi.

Nianze mwanzo, maana wewe ulipata habari za vipande. Tarehe 8 Oktoba nilikuwa ubaoni na darasa la tano, mimba ikiwa ya wiki ishirini na saba. Erasto wangu alinichukua kwa pikipiki ya jirani kutoka Kitangari hadi Newala, na Newala wakatupa gari mpaka hapa. Mtoto akatoka saa kumi jioni, gramu mia tisa na ishirini. Hakulia. Walimpitisha mbele yangu mbio, sikuona uso, niliona kofia ya sufu na mguu mmoja usiozidi kidole changu cha kati.

Watoto hawa wanaozaliwa kabla ya wakati wanaitwa njiti. Silipendi jina hilo hata kidogo. Njiti tunaijua, inawaka mara moja na kuzimika. Siku za kwanza alikuwa na mrija puani wa maziwa na mwingine wa hewa, na ngozi nyembamba hata mishipa unaihesabu. Erasto alikaa siku tatu bila kumgusa, akisema mikono yake imebabuka kwa mafuta ya korosho, itamchubua mtoto. Mwanaume mzima, akawa anampungia mkono kwa mbali kama anaaga gari.

Siku ya pili mama mkwe wangu, Mama Magdalena, alikuja na padre. Alitaka mtoto abatizwe palepale. Nilikataa, Dada. Nilimwambia padre, shikamoo Baba, lakini rudi na maji yako, mwanangu haendi popote. Hakubishana nami. Alisema ubatizo si wa wanaokufa tu, akavuta kiti akasubiri mpaka hasira zangu zikaisha. Jioni nikakubali, akabatizwa kwa maji ya kijiko, akaitwa Barnaba. Wakati wa kuondoka Mama Magdalena alinishika bega akaniambia nisimzoee sana. Kisha akaenda zake, na tangu hapo hakuja mtu. Siku zikapita nane, tisa, kumi. Kila mama hapa analetewa uji na watu wake. Mimi nilikuwa naletewa na Erasto, uji wenye madonge.

Siku ya kumi na moja nililala. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linalonitafuna mpaka leo. Barnaba alikuwa ameshaanza kuwekwa kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, nimefungwa naye kwa kanga, maana ndivyo watoto hawa wanavyopata joto na kukumbuka kupumua. Ilikuwa mchana, jua kali, na mimi sikuwa nimelala usingizi wa maana tangu azaliwe. Nikalala naye. Aliyeona ni jirani yangu wa kitanda, Anifa wa Mnyambe, ambaye naye alikuwa na binti njiti. Aliona rangi ya mtoto imegeuka. Alimchomoa kifuani pangu kabla sijafumbua macho, akawa anamgonga unyayo kwa kidole huku akimwita nesi. Sista Queen akaja na mfuko wa kumpulizia hewa. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka arobaini na tatu, ndipo kifua kikapanda chenyewe.

Erasto alikuwa mlangoni. Mwenzangu huyu, badala ya kusubiri, alimpigia baba yake mdogo, Mzee Zabroni, akamwambia mtoto ameacha kupumua. Betri ikafa hapohapo. Mtoto akapumua, Erasto akalia kwa furaha, simu akaisahau mfukoni mpaka kesho yake. Na Mzee Zabroni unamjua, ukimpa habari nusu atakurudishia mbili. Kabla ya magharibi Kitangari nzima ilikuwa na msiba, na wewe Tabora ukapigiwa.

Jioni ile Sista Queen alikuja kuketi kitandani kwangu. Hakunigombeza. Alisema mtoto huyu anahitaji kifua mchana na usiku, na kifua kimoja hakitoshi, mama asiyelala atamdondosha au atamlalia. Halafu akaniuliza, "Mwalimu, watu wako wako wapi?" Mama amekufa, dada yangu yuko Tabora, wakwe wameniambia nisimzoee. Niliona aibu ya mtu aliyetupwa.

Asubuhi Erasto alikwenda nyumbani kuchukua nguo. Uwanjani alikuta mikeka imetandikwa, kuni zimepangwa, akina mama wa kanisani wamejifunga kanga viunoni wanatwanga. Mzee Zabroni akamuuliza maiti inafika na gari gani, kwa kuwa vijana wameshafika magotini na kaburi. Erasto wangu si mtu wa maneno. Angewaambiaje wazee kwamba wamemlilia aliye hai? Akakaa mkekani, akapewa chai ya msiba wa mwanawe, akainywa. Nilipomuuliza baadaye imekuwaje akainywa, alisema ilikuwa na sukari ya kutosha. Alipomaliza kikombe ndipo alipojificha nyuma ya jiko akanipigia kwa simu ya kuazima.

Dada, nilikuwa na matusi mdomoni yamejipanga foleni. Siku kumi za uhai wake hakuja mtu, saa moja ya kifo chake uwanja umejaa! Lakini kwenye simu nilisikia mchi unapiga kinu, nikasikia sauti moja inapanga nani achote maji na nani alale. Nikafikiri, watu ndio wale, na mpango wanao. Nikamwambia Erasto arudi mkekani, afungue sauti ya simu wote wasikie.

Nikasema, "Shikamooni wazee wangu. Mtoto anapumua. Mlikuwa tayari kulala hapo siku tatu kwa ajili ya maiti. Basi njooni mlale huku kwa ajili yake. Atakayekuja aoge, akate kucha, na asiwe na kikohozi."

Kisha nikasikia sauti ya Mama Magdalena, "Unga tumeshasaga, Mama Barnaba. Tunakuja nao."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita hivyo. Nililia mpaka Anifa akaogopa, akadhani nimefiwa.

Walikuja wawili wawili, na mpaka leo wanakuja. Ule mpango wa matanga hawakuubadili hata kidogo, wameuhamishia hapa: wa kupika, wa kufua, wa kulala, wa kubeba mtoto. Mmoja alimtazama Barnaba akatoka nje mbio, akarudi baada ya nusu saa amenawa uso, akasema mleteni. Mama Magdalena alivua blauzi mbele ya manesi wa umri wa wajukuu zake, akawekewa mtoto kifuani, akakaa saa nne bila kuinuka hata kwenda msalani. Wahenga walisema kufa kufaana. Sisi tumefaana kwa asiyekufa.

Lakini usidhani mambo yamenyooka. Barnaba ameacha kupumua mara mbili tena tangu siku ile. Wiki iliyopita tumbo lilivimba, akasimamishiwa maziwa siku tatu, akachomwa sindano mpaka wakakosa pa kuchoma. Tunaishi kwa pumzi moja moja, Dada. Mlango ukifunguliwa ghafla naweka mkono kifuani pake.

Na Somoe, binti wa Anifa, amefariki. Alikuwa mkubwa kuliko wangu kwa gramu mia mbili. Siku ya tarehe mosi alipata homa asubuhi, saa nane mchana hakuwepo. Mkono ule uliomwamsha mwanangu haukuweza kumwamsha wa kwake. Mama Magdalena ndiye aliyemsindikiza Anifa hadi kwao Mnyambe.

Mama mkwe alirudi baada ya siku tatu, siyo yule aliyeondoka. Alisema kule Somoe alioshwa, akavikwa sanda, akaitwa kwa jina lake na kwa jina la baba yake, Abdulkadiri, akaswaliwa, na wanaume wakapanga mstari kumpeleka kaburini. Mtoto wa kilo moja na robo amezikwa kama mtu, alisema. Alirudia mara mbili. Halafu akaniomba nimpe Barnaba ambebe, na akiwa amembeba akaanza kunieleza habari zako.

Sasa Dada, keti. Kama umesimama, keti.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha kwanza. Nilikuja likizo nyumbani Kitangari nikakukuta umekonda, nikakuuliza kama umeugua malaria, nawe ukasema ndiyo. Nikaamini, nikaenda kucheza. Baadaye nilisikia minong'ono kwamba mimba iliharibika ukiwa na miezi saba, lakini sikukuuliza hata siku moja. Miaka kumi na sita, na mimi ni mdogo wako wa pekee. Nisamehe.

Mama Magdalena ni mmoja wa wanawake watatu waliomzika mtoto wako. Anasema walimwondoa haraka na wakakukataza kumwona ili usimkumbuke. Alitazama chini kwenye kichwa cha Barnaba, akasema, "Alikuwa wa kike. Alikuwa na nywele nyingi. Mwambie."

Ndiyo nakuambia. Alikuwa wa kike, Dada, na alikuwa na nywele nyingi.

Yuko nyuma ya jiko la Mama, chini ya mkorosho unaoinamia kwa jirani zetu kina Ambrosi. Mama Magdalena anapajua mahali hasa.

Ule ujumbe ulioniandikia siku ya msiba wa uongo, "Pole mdogo wangu, usilie sana, wa hivyo hawahesabiwi," ulinichoma. Niliandika jibu nikafuta, nikaandika nikafuta. Erasto alipokujulisha kwamba mtoto hajafa ulijibu "Asante Mungu" ukanyamaza, na mimi nikanyamaza kwa kiburi. Nilimsomea Mama Magdalena ujumbe ule nikitegemea anitetee. Akasema maneno hayo si yako, ni yao, ndiyo waliyokuambia wewe ukiwa bado unatoka damu. Basi hasira yangu kwako imekwisha. Imebaki aibu.

Nina ombi, na sitalizungusha. Daktari anasema Barnaba akifika gramu elfu moja mia tano, pengine mwanzoni mwa Desemba, tutaruhusiwa kurudi Kitangari. Huko nako atabebwa kifuani mchana na usiku kwa wiki nyingi. Akina mama watapita, lakini korosho zinaanguka na kila mmoja ana shamba lake, Erasto pia. Anatakiwa mtu wa kulala ndani, wa kupokezana nami. Sista Queen ameniuliza tena watu wangu wako wapi, na safari hii nimemtajia jina lako kabla sijakuuliza.

Najua ninachokuomba. Nakuomba uweke kifuani pako kitu ulichonyimwa hata kukiona. Ukiona huwezi, sema tu huwezi, sitanuna. Lakini ukija, Mama Magdalena na wenzake wamesema watatandika mikeka kwa ajili ya binti yako siku tatu kamili, na safari hii hakuna aliyewapa habari nusu. Wanasema kama ulikuwa na jina lake, uje nalo.

Msalimie sana Shemeji Charles, umwambie nakuazima tu, nitakurudisha. Mbusu Kelvin hata kama atakataa. Erasto anakusalimu, Mama Magdalena anakusalimu, na Mzee Zabroni naye, ambaye siku hizi akipiga simu haanzi na hodi wala salamu, anauliza kwanza, anapumua? Mungu aliyemlinda Barnaba pumzi kwa pumzi mpaka mstari huu akulinde na wewe njiani.

Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta, Dada. Njoo hivyo hivyo.

Mimi mdogo wako nikupendaye, niliyechelewa kukuuliza,

Isabela, Mama Barnaba