Kilio Kisifunge Njia

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimerudi kutoka baraza la komini na vumbi mpaka masikioni. Saa nne za kikao! Takataka za soko – tulizungumza. Spika za makanisa – tulizungumza. Bomba la maji lililokauka – hata hilo tulilizungumza, na bado limekauka. Miaka ishirini na nane nilifundisha hesabu, sikuwahi kuchoka hivi. Darasani ukiuliza mbili na mbili, angalau mtoto mmoja anajibu nne.

Langu lilikuja mwisho, wenzangu wameshafunga mifuko. Kanuni ya mistari sita tu, nimeiandika mwenyewe: bâche, turubai la kilio, isifunge avenue nzima, iache njia ya gari moja. Basi. Kura ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 12. Tuko madiwani tisa, conseillers wa komini, nahitaji mikono mitano. Minne ninayo. Wa tano ni Hénoc, na Hénoc anacheka na kila mtu, huwezi kujua anacheka upande gani.

Mwezi wa tano uchungu ulimshika Léa, binti wa jirani yetu Papa Mbuyi, saa sita ya mchana. Siku ile vilio vitatu vilikuwa vimefunga avenue tatu za quartier, mtaa wetu. Gari lake lilirudi nyuma mara tatu. Mtoto alifia mlangoni mwa maternité. Kwenye kilio cha pili, kati ya wale waliopunga mkono kumwambia dereva apite kule – nilikuwepo mimi, na sahani ya bukari magotini. Sikulisema kikaoni. Naliandika hapa.

Jumatano, 3 Septemba

Nimezunguka na karatasi ya sahihi. Léa alisaini wa kwanza. Alinirudishia kalamu akaendelea kufua.

Baada yake, milango migumu. Papa mmoja wa nyumba ya kona alinitazama toka viatu mpaka kofia:

– Conseiller, mbele ulikuya kutuomba kura. Sasa unakuya kutuomba machozi?

Mke wake akadakia kutoka jikoni: – Muntu wangu akikufa, nitamulilia wapi? Mu corridor?

Na ana haki, nusu. Viwanja vyetu tumevijaza vyumba vya kupangisha mpaka ukutani. Hata mimi nina viwili. Uani kwangu viti kumi havitoshi. Nikamwambia kuna ukumbi wa parokia. – Mi niko Mukatolika? akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Sahihi thelathini na moja. Miguu inawaka. Constance, mke wangu, ameniwekea maji ya chumvi niiloweke, kisha akaanza: – Siku yako wewe, tutakulilia bamoya-bamoya, mu mustari, sawa bantu ba ku guichet ya banki.

Nimecheka. Kwa nini nimecheka sijui.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nimekaa na Mama mukubwa Simone, chumbani kwake nyuma ya nyumba. Dada wa mama yangu. Mama alikufa nina miaka minne, baba alikuwa safarini na treni zake, basi huyu ndiye aliyenilea, pamoja na mwanawe Paulin, kaka ninayemwita Yaya, sahani moja. Ana miaka themanini na tatu na habari zote za quartier anazo kabla yangu.

– Banasema unakataza bantu kulia.

– Hapana, Mama. Ninakataza kufunga njia.

– Ni moya tu, akasema. Akacheka mpaka akakohoa. Nikamshika mgongo. Mwepesi sana, mgongo ule.

Joto limeanza. Kesho kuna kikao kidogo cha takataka. Tena!

Jumanne, 9 Septemba

Mama mukubwa amekufa. Asubuhi, ameketi kwenye kiti chake, chai haijapoa.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 10 Septemba

Paulin amefika kutoka Sakania kabla ya saa tano. Tumeshikana, tumelia kama watoto. Kisha akapangusa uso, akatazama avenue kama mtu anayepima kitambaa, akawaambia vijana wa bâche waanze kwenye ukuta wetu na kumalizia kwenye ukuta wa ng'ambo.

– Yaya, nikasema, tuache njia ya motokari moya tu.

– Motokari ya nani? Bote benye motokari bako hapa banalia!

– Yaya, siku mbili mbele ni kura. Ile règlement ni yangu mimi.

– André. Mama hatalala nusu-nusu.

Watu walikuwa wanatazama. Aibu ilinipanda mpaka kichwani: tunabishana juu ya mita mbili na maiti bado haijavishwa. Lakini sikuacha. Mwisho shangazi mmoja alikata shauri: bâche itafunika nusu, nusu nyingine ibaki. Nikaenda mwenyewe kununua chokaa, nikachora mstari katikati ya avenue, mweupe, umenyooka. Paulin aliniangalia nikichora. Mimi sikumwangalia.

Mstari ulidumu kwa saa mbili tu. Kisha watu walikuja. Na kwetu, mtu aliyekuja kulia hukaa pale miguu ilipomweka. Umwambie asogee? Ni kumwambia machozi yake yamezidi, hatuyahitaji. Nani atasema hivyo? Mimi nilijaribu kwa mama mmoja mnene, mpole. Alisogea. Kisha akaenda kulilia mbali kabisa, pembeni ya mtaro, peke yake, na wanawake wote wakanigeukia. Nikaenda kumwomba msamaha na kumrudisha kwa mkono. Tangu hapo sikumsogeza mtu.

Wakaja wamama wa parokia na mikeka. Wakaja watu wa reli, wazee wenzake na baba. Kufika saa tisa chokaa yangu yote ilikuwa nyuma ya vikwembe, yaani vitenge, vya wamama wa kwaya.

Na kamba. Lazima niandike juu ya kamba. Pikipiki ilijipenyeza kati ya mikeka, dereva anapiga honi, gurudumu likapita umbali wa kidole kimoja tu kutoka miguu ya bibi aliyekuwa amelala. Nilipiga kelele, sijui sauti ile ilitoka wapi. Nikaomba kamba. Nikaifunga toka nguzo ya umeme mpaka lango la Papa Mbuyi, kisha nikaenda kufunga ya pili, upande ule mwingine. Mimi, kwa mikono yangu hii. Hakuna aliyenituma.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumemzika. Jua kali, udongo mwekundu mkavu. Paulin alinishika bega tukarudi hivyo mpaka kwenye gari. Basi, yamekwisha kati yetu.

Tuliporudi chini ya bâche, bizukulu wakaanza. Hawa ni wajukuu na watani wa marehemu, na kwenye kilio wana ruhusa ya kumchokoza yeyote, hata askofu. Nilijua zamu yangu itafika. Nono, mjukuu wa shangazi, amejivika pazia begani kama ndiyo écharpe yangu, utepe wa udiwani, miwani ya mtu puani, karatasi mkononi. Akasimama juu ya beseni.

– Kikao kiko wazi! Article ya kwanza: muntu yote mwenye kukufa, akufe ku mukono wa kuume wa njia! Article ya pili: machozi ipite tu mu mutaro! Article ya tatu: conseiller mwenye kufunga kamba, hapana kumuona! Nani anakubali?

Mikono yote ikainuka. Avenue nzima! Constance naye, mkono juu, machozi ya kicheko na ya kilio yamechanganyika. Huwezi kumkasirikia kizukulu, ndiyo sheria. Nilicheka, nikatoa chupa ya kinywaji nijikomboe. Mkuki kwa nguruwe, wanasema. Leo nguruwe alikuwa mimi, na kweli unauma.

Léa hakuinua mkono. Alikuwa anagawa maji kwa wazee. Alinipa kikombe changu kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaendelea na safu. Nilitaka kumwambia kitu. Nimsemeze nini? Kamba imefungwa kwenye lango la baba yake.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya kura. Sikwenda. Mfiwa hatoki kabla kilio hakijavunjwa, na hata ningetoka, ningesimama pale na uso gani?

Saa nne wakaja wao, conseillers wenzangu. Wote wanane, suti nyeusi, wakikanyaga vumbi kwa miguu kwa sababu magari waliyaacha mbali, nyuma ya kamba. Wameahirisha kikao mpaka Jumatatu kwa heshima ya mama yangu. Wakaketi katikati ya avenue, kwenye viti vya plastiki. Hakuna aliyetaja kanuni. Ukarimu mzito, ule. Afadhali wangenitukana.

Hénoc alibaki nyuma ya wenzake. Safari hii hakucheka. Aliniambia ametembea tangu barabara kubwa, na njiani amempita mzee mmoja anayepelekwa hospitali kwenye toroli la mkono, anasukumwa kwenye mchanga.

– Mukono yangu uko nayo, akasema. Siku ya kwanza, Jumatatu, tunapitisha ile kintu. Lakini wewe, vunja hii kilio mbele ya kura. Hapana kutuachia aibu.

Mikono mitano! Miezi minne nimeitafuta. Imekuja siku ambayo sina nguvu hata ya kusema asante vizuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Kilio kimevunjwa asubuhi. Tumenyoa, tumeoga, Paulin ametoa neno la mwisho, watu wamekula na kuagana. Vijana wakaanza kufungua bâche. Mimi nilikwenda kwenye kamba. Fundo lilikuwa limekaza kwa siku tatu za watu kuliegemea, nikawa navuta kwa kucha.

Hapo lango la Papa Mbuyi likafunguka. Nilifikiri amekuja kulalamika juu ya kamba, maskini mzee, tangu juzi sikumwona. Ni Léa. Kitambaa cha kichwa hana. Papa Mbuyi amekufa hospitalini alfajiri; jana walimpeleka kwa toroli. Nyumba mbili, ukuta kwa ukuta, na sisi tulikuwa tunaimba, hatukusikia!

Nilimshika mikono. Kisha akatoa karatasi kwenye kikwembe. Ni ruhusa ya kufunga avenue. Chef de quartier, mkuu wa mtaa, anaitaka ikiwa na sahihi ya conseiller. Sisi hakuna aliyetuomba karatasi.

– Papa Conseiller, mi njo nilisaini ya kwanza. Ninajua. Hapana kuniambia.

– Léa, mwanangu...

– Baba iko mu morgue. Saa hii bantu banaanza kukuya. Batakaa wapi? Bâche iko, kamba iko. Muache tu vile iko.

Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi. Akatazama kamba, akatazama lango lao, nami nilijua anaiona njia ile ya mwezi wa tano vizuri kuliko mimi. Akasema tena, polepole: – Yeye vilevile alikuwa baba wa muntu.

Nimemwambia naingia kutafuta kalamu.

Niko chumbani. Kalamu ni hii. Dirishani namwona, wamempa kiti, hajakaa. Vijana wameacha kufungua bâche, nusu iko chini, nusu bado inaning'inia, wananisubiri. Paulin ameinama kwenye fundo lakini hagusi kitu.

Nikisaini, Jumatatu nitasimama mbele ya Hénoc na wenzake nisome mistari yangu sita, na nyuma yangu avenue yangu imefungwa kwa sahihi yangu. Sidhani mkono wake utabaki juu. Nisiposaini, nitoke nje nimwambie yeye – yeye, kati ya watu wote! – kwamba njia ilikuwa pana kwa mama yangu na nyembamba kwa baba yake. Nimechoka, Mungu wangu. Nimechoka na kuwa na haki.

Nimeweka karatasi juu ya daftari. Jina la Papa Mbuyi limeandikwa vizuri, herufi kubwa. Chini yake nafasi yangu.

Constance amegonga mlango.

– Papa, mutoto wa bantu iko anasimama ku jua.

Nimejibu: nakuja. Bado nimekaa.