Pale Sindano Inaporuka

Mghange, Jumapili baada ya ibada

Mjomba,

Sasa najua kuna nini pale sindano inaporuka. Nimekaa na habari hii tumboni, sina wa kumpa, maana ni sisi wawili tu tuliokuwa tunauliza. Nilipojaribu kumwambia Mama Mghoi alisema, "Hata huko aliko hutaki mume wangu apumzike na hiyo santuri?" Kisha akageuka akajifuta macho na kanga. Nikaona afadhali nikuandikie mwenyewe.

Jana tumekuwekea msalaba, na mimi ndiye niliyepuliza pembe yako ya shaba. Najua huamini. Mimi ambaye ukinituma sukari nilikuwa nasimama mlangoni mwa duka mpaka mwenye duka achoke kuniangalia. Ngoja nikueleze polepole, nianzie mbali, kama ulivyokuwa unanieleza wewe.

Unakumbuka siku sahani ile ya santuri ilipofika Voi? Nilikuwa nimeanza sekondari, nimekuja kukaa kwenu landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ili niwe karibu na shule. Yule Mzungu wa karakana alikuwa anarudi kwao, akakuachia gramafoni yake na sahani moja, kwa kuwa alijua unapiga pembe kwenye bendi ya kanisa huku milimani. Ulikuja umeikumbatia kama trei ya mayai. Ukaiweka gramafoni uani juu ya stuli, ukaita majirani, ukawaambia wakae kimya kwa sababu wanaokuja kupiga si watu wa mchezo. Upande wa kwanza uliisha salama. Ulipogeuza wa pili, kuku wa Mama Mghoi akarukia sahani ikizunguka. Akazunguka nayo! Majirani walicheka mpaka wakashikana. Wewe hukucheka.

Tangu siku hiyo kuna mahali sindano ilikuwa ikifika inaruka, inaangukia mbele. Ulimlaumu kuku. Mama Mghoi alikulaumu wewe: "Nani alikwambia kuku wangu wanataka okestra?" Jumapili yake tulimla, na ni wewe peke yako uliyeongea mezani. Ulisema nyama yake ina ladha ya shaba.

Mimi mwanzoni sikuipenda ile sahani, sijawahi kukuambia. Niliona ni kelele ya watu wengi waliokosana. Wewe ndiye uliyenifundisha kusikiliza. Ulichukua lile jalada lenye picha ya okestra nzima, ukapita kwa kidole juu ya wale wa fidla walio mbele, wengi kama shamba la mkonge, ukafika nyuma kabisa ukasema, "Hawa ndio watu wetu." Walikuwa wamekaa safu ya mwisho, wenye tarumbeta, wenye tromboni, wenye pembe zile zinazozunguka kama konokono, na mzee mmoja mnene aliyepakata tuba. Tukawapa majina. Yule wa tuba tulimwita Bwana Tangi. Mwenye tromboni wa kwanza alikuwa Sharubu. Mwenye tarumbeta mwembamba tulisema ni karani wa posta, ana wake wawili na hakuna anayempikia vizuri, ndiyo sababu anapuliza kwa hasira. Wa mwisho kwenye pembe hatukumpa jina kwa sababu uso wake ulikuwa umefichwa na mkono wa jirani yake. Nilikuuliza kama kuna mwanamke yeyote kule nyuma. Ulivaa miwani, ukatazama sana, ukasema, "Huyu aliyefichwa hatumjui. Tusimfunge."

Halafu ukanionyesha kitu ambacho mpaka leo nikikiwaza nywele zinanisimama. Wenye tromboni hawapulizi. Upande wa kwanza wote, hakuna. Wengine wanafanya kazi, wanatoka jasho, wao wamekaa tu na vyombo magotini. Ulisema, "Wewe hujui ilivyo ngumu. Shaba inapoa. Midomo inapoa. Ukiipuliza ikiwa baridi inatoa sauti ya chini kuliko wenzako, na watu wote wanajua ni wewe." Kisha mwishoni, baada ya ule mruko wa sindano, wanaingia. Nilidhani wataingia kwa kishindo, wapate kulipiza kimya chote kile. Wakaingia pole, pamoja, taratibu kabisa. Uliinua kidole na macho yako yakajaa maji. "Umewasikia? Wana nguvu ya kubomoa hii nyumba, na wanapuliza kama mtu anayempulizia mtoto vumbi jichoni."

Na vumbi la Voi lilivyo, ulikuwa umenipulizia macho mara nyingi, basi nilielewa papo hapo. Kuanzia siku hiyo niliwapenda. Nikiwa shuleni, mwalimu akiuliza swali na mimi najua jibu lakini ulimi umeganda, nilikuwa nawaza Sharubu na tromboni yake magotini. Nilijiambia mimi sijashindwa, nangoja zamu yangu. Ila zamu ilikuwa haifiki.

Ubishi wetu ulikuwa ule mruko. Kabla yake fidla zinatetemeka, ngoma inanguruma kama mvua iliyo upande wa Taveta, na unajua kabisa kuna kitu kinakuja. Kisha krrk! na tayari tuko kwa tromboni. Mimi nilisema pale katikati tarumbeta zote zinapiga kelele pamoja. Wewe ulikataa. Ulisema, "Pale wanavuta pumzi." Nikasema hakuna mtu anayerekodi pumzi. Ukasema, "Wewe hujapuliza. Ukipuliza utajua." Tulibishana hivyo muhula hata muhula, na hata kifua kilipokubana ukawa huwezi kumaliza ngazi za karakana, bado uliniuliza kutoka kitandani, "Umeshajua?"

Sikuwa nimejua, Mjomba. Ukaondoka sijajua.

Nikupe habari za nyumbani. Mama Mghoi alirudisha funguo za landi akahamia huku Mghange, kwenye ile nyumba uliyomjengea. Anasema baridi itamuua, lakini ameshapanda kabichi na amegombana na majirani wawili, kwa hiyo ujue amezoea. Mghoi amebaki Mombasa kazini, anamwandikia. Mimi nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka, nakaa na Mama Mghoi ili asile peke yake. Gramafoni iko sebuleni chini ya kitambaa alichofuma. Pembe yako ililala juu ya jeneza siku ya maziko, na bendi ikapiga bila wewe. Walipofika ubeti wa tatu wa ule wimbo wako, ubeti unaopigwa na pembe peke yake, walinyamaza. Ubeti mzima hakuna aliyepuliza. Tulisimama tu, tunasikiliza upepo. Sitaki kukisikia tena kimya kile.

Ndiyo maana ilipokaribia ibada ya msalaba, Mzee Righa, kiongozi wa bendi, alikuja nyumbani kuuliza nani atapiga ubeti huo. Mama Mghoi akasema, "Huyu hapa. Nani mwingine alifundishwa na yeye?" Niliangusha sufuria. Ni kweli ulikuja kunifundisha baadaye pale uani, lakini tulikuwa tunacheza tu, hapakuwa na watu isipokuwa kuku. Mzee Righa alinitazama akasema kupiga naweza, ila pumzi ndiyo hajui, maana mstari wa mwisho ni mrefu na wewe uliupiga kwa pumzi moja na kanisa zima linajua. Mwadime, aliyekuja naye, yule aliyekuwa anakaa karibu nawe na pembe ya pili, alicheka. "Dada huyu hata salamu anaitikia kwa ndani. Tutamsikia kweli?"

Sikulala vizuri. Kila siku nilikwenda nyuma ya kanisa kujaribu, na kila siku mstari wa mwisho ulinikatikia njiani. Nilifika mpaka nikaona nyota. Niliwaza kanisa zima limesimama kaburini, halafu ile sauti ikatike, na watu waseme angalau kimya cha siku ya maziko kilikuwa na heshima. Niliamua nitamwambia Mzee Righa hapana.

Kabla sijamwambia, nilishuka Voi kurudisha vitabu vya shule kwa Mwalimu Wawuda, aliyetufundisha kuimba. Akanikaribisha ndani chai. Mjomba, kwenye kabati lake la vioo niliwaona watu wetu! Bwana Tangi, Sharubu, karani wa posta, wote, jalada lilelile. Niliona wivu kwanza, kama kuwakuta ndugu zako wamekaa kwa jirani bila kukuambia. Sijui nilipata wapi mdomo, nikamwomba aweke upande wa pili.

Fidla zikatetemeka. Ngoma ikanguruma. Nikafumba macho kungoja krrk, na krrk haikuja.

Ni pembe, Mjomba. Pembe peke yake. Si tarumbeta zote, nilikosea. Inapanda juu ya wale wengine wanaotetemeka, pana, bila haraka, kama mtu aliyetoka ukungu akasimama kilele cha Vuria na kuiona tambarare yote mpaka Kilimanjaro. Na haikatiki. Inashika sauti moja ndefu, kabla haijafifia inashika nyingine, na mimi niliyeshindwa na mstari mmoja wa kanisani nilikaa pale na kikombe nikiwaza, huyu ni mtu gani, ana mapafu ya injini? Nikalia kwenye chai ya mwalimu.

Nikamuuliza anapumua wapi. Mwalimu Wawuda akatabasamu. Aliposoma ng'ambo aliwahi kuiona okestra ikipiga muziki ule. Akasema siyo mtu mmoja, ni wawili. Wa kwanza anapopungukiwa, wa pili anaingia chini yake kwa sauti ileile, anaishika, yule anavuta pumzi, kisha anarudi. Ukifumba macho huwezi kujua. Akasema, "Ukifumbua ndiyo unaona mmoja ameshusha pembe na mwingine ameinua."

Ulisema wanavuta pumzi. Nilitamani kukimbia mpaka landi nikuambie umeshinda, na nilikuwa nimeshasimama kabla sijakumbuka.

Niliporudi Mghange nilimtafuta Mwadime, akiwa anapalilia kabichi. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na nilipofika yalitoka yote kwa mara moja bila salamu: watu wawili, sauti moja, asiingie kwa nguvu, aingie chini yangu, mtu yeyote asijue. Mwadime alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya kabichi.

"Na wewe unadhani mjomba wako alikuwa anapuliza peke yake?"

Akaniambia. Tangu kifua chako kilipoanza, kila mara mkifika mstari wa mwisho ulikuwa unamgusa na kiwiko, naye anaingia chini yako, unavuta pumzi, unarudi. Hakuna aliyejua, hata Mzee Righa aliyesimama mbele yenu. Ulimwambia ukipona utaacha. Mwadime alikuwa ameacha kucheka. Alisema, "Siku ya maziko nilishika pembe nikangoja kiwiko."

Ndipo nikaelewa kile kimya, na kwa nini Mwadime hakukijaza.

Kwa hiyo ulikuwa unajua, Mjomba. Hukuwa umesikia kilichomo kwenye ule mkwaruzo, lakini ulikuwa unakifanya, nyuma, mahali ambapo hatukuangalia. Sikukasirika hata kidogo. Nimekupenda zaidi, kama hilo linawezekana.

Jana ukungu ulikuwa mzito. Nilikumbuka baridi na shaba, nikaificha pembe ndani ya sweta tangu tulipotoka nyumbani. Mwadime akanong'ona, "Mama, huyo mtoto ana miezi mingapi?" Nilicheka njia nzima, na nadhani alitaka hivyo. Bendi ikapiga beti mbili. Ikanyamaza. Msalaba wako ulikuwa mweupe kabisa. Pembe ilikuwa na joto, na nilipuliza pole, kama kumtoa mtu vumbi jichoni. Mstari wa mwisho ulipofika nilianza kuona zile nyota. Nikamgusa kwa kiwiko. Akaingia. Nikavuta hewa yote ya Mghange, na ukungu wake, nikarudi.

Mama Mghoi alinishika mashavu mbele ya watu wote akasema, "Pumzi moja, kama yeye!" Mwadime akatazama viatu vyake. Na mimi nikasema, "Ndiyo, Mama. Kama yeye." Kwa sauti, wakasikia.

Mwalimu Wawuda amesema anaweza kunipa sahani yake iliyo nzima. Nimemshukuru, nimekataa. Ya kwetu inatosha. Leo jioni nitaitoa gramafoni uani, nimeshaomba ruhusa na kuku wamefungiwa. Fidla zikianza kutetemeka nitainua sindano kabla haijaruka, nitapuliza ile pembe yote nilivyoisikia, halafu nitairudisha sindano kwa Sharubu na wenzake ili waingie kwa zamu yao. Nimemwomba Mwadime aje, maana ni ndefu. Na nakuahidi, siku Mwadime atakapozeeka akinigusa kiwiko, nitakuwepo.

Pumua sasa, Mjomba. Sisi tumeishika.

Mpwa wako,
Wakesho