Yai Ndani ya Rejeta

Kaka,

Nakuandikia kwa kuwa simu zangu hupokei. Sisi wazima, ila gari ulilompa Mama limechemka tena. Fundi alifungua rejeta, akawasha injini, maji yakatoa mapovu kama uji jikoni. Oili nayo imegeuka chai ya maziwa. "Gasketi ya silinda hedi imekufa, maji na oili vinachanganyika ndani ya injini," alisema. Kisha akachokoa vipande vyeupe: ute wa yai uliopikika. "Aliyemimina yai humu kuziba panapovuja alijua gari ni bovu."

Kumbe ndiyo maana ulisisitiza, "Ongezeni maji tu, msilipeleke kwa fundi!"

Alhamisi Mama ana kliniki ya moyo. Anasema, "Gari la mwanangu haliwezi kuniangusha." Njoo umjibu mwenyewe.

Mdogo wako,
niliyepiga vigelegele ulipomkabidhi funguo.